Hedwiga na Damu ya Watu Sitini

Hedwiga Kapinga hajawahi kununua asali bila kuchovya njiti ya kiberiti ndani yake na kuiwasha mbele ya muuzaji. Njiti ikigoma kuwaka, hurudisha chupa, husema "asante, baba," na hakanyagi tena pale. Kondakta akimwambia gari linaondoka sasa hivi, huinama kwanza aone kama dereva yupo kwenye kiti. Padri akitangaza kwamba misa ya pili itakuwa fupi, Hedwiga huenda ile ya kwanza. Pale Mbinga mjini wanaomtania humwita Mama Hakikisha, na yeye jina hilo halimuudhi hata kidogo.

Ukimuuliza kwa nini yuko hivyo, atakujibu kuwa ni kazi. Ana miaka hamsini na saba, na thelathini na moja kati ya hiyo imeishia maabara. Kwanza alikuwa akitafuta vijidudu vya malaria kwenye vioo. Miaka sita hii ya mwisho yuko katika kituo kidogo cha utafiti, nyumba ya bati jekundu iliyo upande wa pili wa barabara ya kwenda kwenye mnada wa kahawa. Maabara, husema, haimtaki mtu mwenye imani nyingi. Imani ipelekwe kanisani. Mimi naona hata angekuwa mshona nguo angekuwa vilevile. Wako watu waliozaliwa jicho moja limefinywa.

Mwaka ule kituo kilikuwa na utafiti wa kichocho. Wenye ugonjwa walitoka Kihagara, kule chini ziwani, ambako watu wanaoga, wanafua na kuvua katika maji yale yale yenye konokono. Ili kuwapima vizuri walihitajika watu wengine wa kulinganisha nao, wazima, wa milimani, ambao ziwa wanaliona siku ya harusi tu. Wakachaguliwa watu sitini wa Litumbandyosi, kijiji alikozaliwa Hedwiga. Na wa kuwatoa damu alikuwa Alphonce Ndunguru, mhudumu wa afya wa kijiji, kijana wa miaka thelathini na minne, mpole, mwenye pikipiki kuukuu na sauti ya kwaya. Huyu Alphonce, Hedwiga ndiye aliyemsimamia kwenye ubatizo. Ndiye mama yake wa ubatizo, na kazi ile aliipata kwa sababu Hedwiga alisema neno.

Kilichokuwa kinatafutwa si konokono wala mayai ya kichocho. Daktari Frederick, mkuu wa utafiti, aliyehamia kutoka Kilimanjaro, alitaka kupima protini ndogondogo ambazo seli za mwili hutumiana kama wajumbe pale mwili unapopigana na kitu. Zikiwa nyingi kwenye damu, kuna vita ndani. Kuziona kwa macho haiwezekani, kwa hiyo zinategwa. Kule ng'ambo wanamdunga panya protini hiyo, mwili wa panya unaiona ni adui na kutengeneza kingamwili ya kuikamata, na kingamwili hiyo ndiyo huvunwa, ikatiwa kwenye vichupa vidogo na kusafirishwa katika barafu. Moja hulazwa chini ya kishimo cha plastiki kama mtego. Damu ikimiminwa, protini inanaswa. Kisha inaletwa kingamwili ya pili, imebeba rangi, inakaa juu ya protini. Kishimo kikigeuka njano, mjumbe yumo. Kikibaki cheupe, hayumo.

Pleti moja ina vishimo tisini na sita, safu kwa safu, na Hedwiga alikuwa akisema ukiitazama kutoka juu unaona mlima wa kwao wenye mashimo ya ngolo, kilimo chao cha mteremkoni, imebaki kupanda maharage tu.

Siku alipopima damu ya Litumbandyosi aliweka pleti mezani, akavaa miwani, akasubiri kuona weupe. Ikaja njano. Si kishimo kimoja wala viwili. Kati ya watu sitini, hamsini na wanne waling'aa njano, tena kuwashinda wagonjwa wenyewe wa Kihagara, na njano yao ilikaribiana mno, kama ya watu wa tumbo moja.

Akakaa. Hakufikiria ugonjwa wala mashine. Alifikiria mtu.

Kwa sababu udanganyifu huo upo na Hedwiga alikuwa akiujua. Mtu anatumwa kutoa damu watu sitini, anachoka mlima wa tatu, anamkuta mzee mmoja mwenye homa yake, anamtoa damu nyingi, anaigawa kwenye mirija na kubandika majina. Alphonce alikuwa amemaliza kwa siku tatu kazi ambayo mwenzake wa ziwani aliifanya kwa siku saba. Akachukua fomu za maswali, akazipanga. Palikuwa na swali moja: je, mhusika anashika au kula mnyama wowote wa porini? Fomu sitini, majibu sitini, yote "hapana". Watu sitini hawawezi kukubaliana hata juu ya siku ya mnada. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na moyo ukamuuma, lakini ule uchungu haukumzuia. Alichukua karatasi akaandika mistari minne: mirija ichunguzwe upya, fomu zinafanana kupita kiasi, mtoa damu aulizwe. Hakutia jina. Akaiweka mezani kwa daktari kabla ya chai ya saa nne.

Daktari Frederick hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka ambaye anaogopa kuaibishwa, na mambo hayo mawili yakiwa ndani ya mtu mmoja ni hatari. Alphonce akaitwa siku ya pili. Hedwiga aliambiwa akae naye pale ofisini kama shahidi wa maabara, akakaa kwenye kiti cha pembeni huku mikono imefumbatana.

Daktari alimweleza Alphonce kuhusu rangi, na Alphonce akasikiliza kama anayesomewa somo la kilatini. Kisha akamsukumia zile fomu.

"Watu sitini, na hata mmoja hagusi mnyama wa porini. Uliwauliza kweli, au uliandika umekaa nyumbani kwako?"

Alphonce alimtazama Hedwiga. Alimtazama kwa muda, halafu akashusha macho mezani.

"Niliwauliza wote, daktari."

"Na wote wakakujibu hapana?"

"Ndivyo nilivyoandika."

Hedwiga akalishika hilo. Ameulizwa walijibu nini, anasema ameandika nini. Na yale macho, kwa nini yalishuka? Mtu msafi hushusha macho? Aliondoka pale akiwa na hakika.

Alphonce alisimamishwa. Daktari akampa majuma matatu. Vipimo vikirudiwa vikatoa yaleyale, taarifa ya kughushi ingekwenda kwa kamati ya maadili Dar es Salaam na nakala halmashauri, na hapo angefutwa hata uhudumu wa kijiji, kazi aliyoifanya miaka tisa, ya kuwapelekea wagonjwa wa kifua vidonge vyao na kuwahimiza wajawazito waende kliniki. Kijijini jambo la namna hiyo haliitwi taarifa ya kughushi. Linaitwa wizi, na mwizi wa damu haaminiwi tena hata kushika mtoto.

Kurudia vipimo alipewa Hedwiga. Na hapa ndipo ile tabia yake ilipofanya kazi isiyotarajiwa, kwa sababu mwenye shaka ya kweli haishii kwa jirani. Safari hii alitaka damu moja ambayo ana uhakika nayo kabisa, ya mtu mzima wa afya asiye na kichocho, iwe shahidi pembeni ya zile sitini. Damu ya nani? Hakumwamini mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe. Akajifunga mpira mkononi, akajitoa. Halafu kwa kuwa shahidi mmoja si shahidi, akamwomba na daktari, akidai anataka kupima kama mashine iko sawa. Daktari akatoa mkono huku anaongea na simu.

Kishimo cha daktari kilibaki cheupe kama maji ya mvua. Cha Hedwiga kikawa njano.

Jambo la kwanza lililomjia ni kwamba anakufa. Alijipapasa tezi za shingo. Alikwenda chooni akajitazama ulimi kwenye kioo. Aliogopa sana, na haoni haya kulisema. Alipima tena mchana, na tena kesho yake, kwa kichupa kipya, na kila mara kishimo chake kilisimama na wale hamsini na wanne wa kwao kana kwamba wamekwenda kupiga picha ya ukoo. Homa hana. Anakula, analala, anapanda kilima cha kanisa bila kusimama. Basi kitu gani yeye anacho pamoja na Litumbandyosi, ambacho daktari hana?

Ndipo alipomshuku mtu wa mwisho aliyebaki, naye hakuwa mtu. Alitoa kile kikaratasi kilichokunjwa mara nane ndani ya boksi la vichupa, ambacho hakuna anayekisoma, akakisoma. Kuelekea mwisho, kwa herufi za sisimizi, kiliandikwa kwamba kingamwili zote mbili, ya chini na ya juu, zimetokana na panya. Na kwamba mtu ambaye amezoeana na panya, mwili wake huenda umetengeneza kingamwili zake za kupambana na panya. Huyo damu yake itashika ile ya chini kwa mkono huu na ile ya juu kwa mkono mwingine, iziunganishe, rangi itokee, na mjumbe hayumo.

Alikisoma mara tatu. Kisha akavua miwani.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo Hedwiga hakupenda lielezwe. Mahindi yakishavunwa, watu wa kwao hutega panya wa shamba. Ni panya safi, wanakula nafaka, wanachunwa, wanabanikwa kwenye vijiti, wanakaushwa juu ya moshi, na kwa ugali hakuna kitoweo cha kuwapita. Hedwiga alianza kutega akiwa na miaka sita, na vidole vyake vimeumwa na panya mara zisizo na hesabu. Kila likizo hutega bado. Kila Julai kaka yake Edmund humletea kifurushi, kimefungwa katika gazeti na kuzikwa ndani ya unga. Lakini miaka sita nyuma, siku ya kwanza ya Daktari Frederick kituoni, wakati wa chakula cha mchana, daktari aliuliza kwa kicheko kama ni kweli watu wa Ruvuma wanakula panya. Meza yote ilicheka. Na Hedwiga, mwana wa Litumbandyosi, akajibu, "Labda Wangoni huko Songea." Wakacheka zaidi. Jioni ile alikwenda nyumbani akala wawili kwa siri, na tangu hapo amekuwa akiwala dirisha limefungwa.

Sasa alikuwa na dhana. Dhana si kipimo, na Mama Hakikisha hakuwa wa kupeleka dhana mezani kwa mtu. Kama ni kweli kwamba zile kingamwili za watu zinamtafuta panya, basi ukizipa panya wa kutosha kabla, zitashiba na kuiacha mitego ya kwenye pleti. Alihitaji maji ya damu ya panya. Kuagiza kungechukua miezi miwili, na Alphonce alikuwa na siku tisa.

Jumamosi alipanda basi, kisha bodaboda, akafika kwa Edmund. Baada ya salamu za nyumba na za mashamba alimwomba panya wanne, wazima.

"Wazima?" Edmund aliuliza. "Tangu lini unawala wanarukaruka?"

Hakumjibu. Walitega kwenye kingo za ngolo alfajiri ya Jumapili, na kabla ya misa walikuwa nao watano ndani ya ndoo ya rangi, kifuniko kimetobolewa kwa msumari. Njiani alipita karibu na nyumba ya Alphonce. Pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani, imefunikwa gunia, kama ya mtu aliyefiwa. Alimwambia kijana wa bodaboda aongeze mwendo. Kwenye basi kondakta aliuliza ndoo ina nini, akasema vifaranga. Yeye ambaye hajapata kumwamini kondakta hata mmoja.

Jumatatu aliwatoa panya damu, akaizungusha mpaka maji yake ya juu yakatengana. Akachukua damu za Litumbandyosi, kila moja mara mbili: nusu aliiacha ilivyo, nusu akaichanganya na maji ya damu ya panya. Za Kihagara akazifanya vivyo hivyo. Alipomimina rangi hakukaa. Alisimama akishika ukingo wa meza.

Upande wa Litumbandyosi, zile ambazo hazikuchanganywa zilikuwa njano. Zilizochanganywa zilififia, zikafifia, zikabaki kama chai iliyokwisha majani. Upande wa Kihagara, mchanganyiko haukubadilisha kitu. Wale wa ziwani wana samaki wao, dagaa na mbasa, panya wa nini? Njano yao ilikuwa ya kweli, ya vita vya mwilini. Damu sitini zilikuwa za watu sitini. Alphonce alitembea milima yote.

Alipeleka pleti ofisini kwa daktari akiwa ameishika kwa mikono miwili. Akaeleza mtego, akaeleza kikaratasi, akaeleza damu ya shahidi bila kumtaja jina, akaeleza ndoo. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akagusa palepale penye udhaifu, maana hakuwa mjinga: fomu sitini zinasema hawagusi mnyama wa porini. Na hata kama hao wamedanganya, huyu shahidi aliyewekwa pembeni, mtu mzima wa afya, mfanyakazi wa kituo, amepata wapi kingamwili za panya?

Mficha uchi hazai. Hedwiga aliijua methali hiyo tangu utotoni, hakujua kama siku moja itamtaka yeye. Mlango ulikuwa wazi, na wenzake wawili walikuwa wamesimama pale nje kama vile wanasoma tangazo.

"Shahidi ni mimi," alisema. "Ninakula panya, daktari. Nimewala tangu sijaota meno ya pili, na Jumapili hii kwa kaka yangu nimekula watatu. Kwetu wanakula wote. Hawakukuambia kwa sababu ungecheka."

Aliingojea ile sauti ya kicheko. Haikuja. Daktari akasema polepole kwamba anakumbuka ile siku ya chakula, na kwamba anaomba radhi. Kisha akavuta karatasi, akaandika kwa mkono wake barua ya kumrudisha Alphonce kazini na kumsafisha jina, mhuri ukagongwa, na Hedwiga akaomba aipeleke mwenyewe.

Safari ya siku ile aliiona fupi. Alikuwa na furaha, ya kweli, ya mtu anayepeleka habari njema kwa mwanawe. Alphonce alimpokea mlangoni, akasema shikamoo mama, akamkaribisha sebuleni. Alisoma barua akiwa amesimama. Alipomaliza aliikunja taratibu, akaitia mfukoni, akashukuru. Uso wake haukufunguka.

Hedwiga akamweleza yote, na mwishoni akamuuliza kilichokuwa kinamkereketa: siku ile ofisini, kwa nini hakusema? Angesema tu kwamba watu hawakutaka jambo la panya liandikwe, shauri lingekwisha.

"Wazee walisema nikiandika panya hawatoi damu," Alphonce alisema. "Nikaandika hapana. Hilo ni kosa langu, nimelikubali. Lakini ofisini nilitaka kusema. Nikakuona umekaa pale. Nikafikiri, nikisema watu wa kwetu wote wanakula, daktari atageuka akutazame wewe. Najua unavyojificha nalo, mama. Nikaona nitafute namna nyingine, kesho, wewe ukiwa haupo."



"Na kesho yake?" Hedwiga aliuliza.

"Kesho yake alinipa barua ya kusimamishwa, na nyuma yake ameibana ile karatasi ya mashtaka. Haina jina." Alitabasamu kidogo, bila furaha. "Nilipokuwa seminari uliniandikia barua kila Krismasi, miaka minne. Mwandiko wako ningeujua hata gizani."

Nje kuku walikuwa wakiparua. Hedwiga alisema nisamehe, mwanangu. Alilisema mara mbili, kwa sababu la kwanza halikutoka vizuri. Alphonce alijibu kwamba Jumatano atarudi kazini, wagonjwa wake wasikose dawa. Kuhusu mengine, alimwomba ampe muda.

Akatoka, na baada ya kitambo mkewe akaingia na beseni la kunawia, akatandika kitambaa cheupe kwenye meza ndogo. Katika nyumba ile, tangu Alphonce alipooa, Hedwiga hakupata kukalishwa sebuleni. Yeye alikuwa akipitiliza hadi jikoni, anavuta kigoda, na watatu wote wanachovya katika sahani moja. Siku ile mke wa Alphonce aliweka mbele yake sahani moja ya ugali, bakuli moja la maharage na soda iliyonunuliwa dukani. Akasema karibu chakula, mama, kwa adabu kubwa, akarudi jikoni kula na mumewe. Hedwiga alinawa, akamega tonge, akala peke yake kwenye kitambaa cheupe, huku akisikia sauti zao ng'ambo ya ukuta.